Sarafu Iliyougeuza Mji

10 Februari

Mpwa wangu,

Mchoro wangu wa mji umepotea. Ulipotea jana Jumapili, kati ya saa saba na nusu mchana, nilipouweka juu ya kabati la karakana, na saa tisa na robo, niliponyoosha mkono nikagusa vumbi. Nimeanza na kilichopotea kwa sababu salamu hazichachi. Zinaweza kungoja mistari minne.

Sasa salamu. Mimi mzima. Mama yako mzima, ila goti linamuuma akipanda ngazi na haliumi kabisa akishuka kwenda kupiga soga. Fundi saa wa mlango wa pili anakusalimu. Anasema jana ulipita mbele ya kibanda chake mbiombio, umebana koti kifuani kama mwenye kichomi, na jua lilikuwa la kukaanga mayai. Natumaini umepona.

Mchoro nilikuonyesha na kukueleza, lakini muda wote ulikuwa unachezea simu, kwa hiyo narudia. Karatasi moja, upana sentimita arobaini, kimo ishirini na tano. Mji mkongwe wote kama unavyoonekana kutoka paa langu, kuanzia mnara wa saa hadi bomba la moshi la kiwanda cha sabuni. Miezi kumi na minne ya kupanda paani kila asubuhi na kibao na penseli. Madirisha mia mbili na kumi na mawili, na sikubahatisha hata moja. Ulikuwa uende kwenye shindano la sarafu ya kumbukumbu ya miaka mia tatu ya mji, shindano ambalo ofisi yako ndiyo inaliendesha. Mwisho wa kupokea michoro ni tarehe 28.

Kuchora mwingine kwa siku kumi na nane siwezi. Hata ningepewa miaka kumi na minane nisingeweza, maana kuna kitu kimoja mchoroni ambacho ukisimama paani leo hukioni tena.

Sikupigii simu. Maneno ya simu hayana tarehe wala sahihi, na mtu aliyekula miaka thelathini na saba akichonga mihuri ya watu hapendi maneno ya namna hiyo. Jana ndani ya karakana tulikuwa watatu: mimi, wewe na paka. Paka nimeshamhoji.

Shangazi yako,
mchonga mihuri


27 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta katika afya njema, kama inavyoniacha mimi na familia yangu. Mke wangu anakusalimu sana. Mtoto ameota jino la pili na anang'ata kila kitu, pamoja na kitambulisho changu cha kazi. Mwambie mama nitamtumia dawa ya goti mwezi ukigeuka.

Nimepokea kwa masikitiko habari za upotevu wa mchoro wako. Nakupa pole nyingi. Nimeitafakari hali hiyo kwa kina, na maoni yangu ni kwamba karakana za zamani zina panya. Panya hupenda karatasi nzuri. Nakushauri, kwa siku zijazo, kazi zote muhimu zihifadhiwe katika kabati la chuma.

Kuhusu koti, ofisini kuna viyoyozi vikali na mwili umeshazoea baridi.

Kwa bahati mbaya barua hii itakufikia shindano likiwa limefungwa, na sheria ni sheria. Hata hivyo usihuzunike, ushindani ulikuwa mkubwa. Mimi mwenyewe nimeteuliwa katibu wa kamati ya usanifu wa sarafu, jambo ambalo najua litakufariji.

Nimeona pia herufi zako zimekuwa kubwa mno, mstari mzima unabeba maneno matano. Je, macho yanakusumbua?

Mpwa wako mtiifu


6 Machi

Mpwa,

Marahaba. Nimefurahi kusikia jino la pili. Mtoto ana meno mawili na tayari anang'ata kitambulisho cha serikali. Huyo atafika mbali, na kwa njia halali.

Mama yako anauliza mwezi unageuka lini. Nimemwambia kalenda ya ofisini kwenu ni tofauti.

Panya wako anastahili kuajiriwa. Alipanda kabati lenye kimo cha mita mbili na sentimita kumi. Akachukua karatasi nzima bila kudondosha hata unyuzi. Akaupita mkate niliouacha mezani, hakuugusa. Akatoka, akafunga mlango nyuma yake, na ule mlango unajua mwenyewe kwamba lazima uuinue kidogo kwa bega ndipo ufunge. Panya huyo amekulia kwangu.

Barua yangu ya tarehe 10 uliijibu tarehe 27. Shindano lilifungwa tarehe 28. Posta ni siku tatu. Hesabu hiyo naiacha hapohapo, mwanangu, sina haja ya kuipigia mstari.

Sikukitaja kile kisichoonekana tena paani. Nakitaja leo. Ni nyumba ya baba yako. Mimi na kaka yangu tuliijenga tofali kwa tofali, mimi nikichonga mihuri mchana, yeye akipaka rangi nyumba za watu, na Jumamosi tunachanganya udongo sisi wenyewe. Ilikuwa ya chini kuliko zote pale, imebanwa kati ya ghala la nafaka na ukuta wa mji kama mtoto kati ya wajomba wawili, na ilikuwa na madirisha sita. Mwaka jana uliiuza. Leo ni maegesho ya magari kumi na tisa. Bahati nilikuwa nimeshaichora.

Sijakuuliza kwa nini uliiuza, na leo sikuulizi. Nimesema tu ilikuwa na madirisha sita.

Herufi zangu ni kubwa kwa sababu karatasi ni yangu.

Shangazi


19 Mei

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, na samahani kwa ukimya. Mchakato umekuwa mrefu na wadau ni wengi. Mtoto sasa ana meno manne. Mke wangu alipata mafua, amepona. Dawa ya goti nimeikumbuka.

Nina habari njema ambayo nimeona uisikie kutoka kwangu. Shindano lilipata michoro sitini na mitatu ya wananchi. Kamati iliipitia yote na kwa masikitiko haikuona hata mmoja uliofikia kiwango. Ikabidi itumike rasimu ya ndani ya ofisi. Rasimu hiyo, kwa unyenyekevu, ni yangu.

Usishangae. Nami nimekulia mji huohuo, na damu ya kuchora si yako peke yako.

Wadau wameiboresha sana. Mkurugenzi aliomba kuba la soko liongezwe ukubwa, kwa kuwa alizaliwa karibu nalo. Wizara iliomba jua linalochomoza, ishara ya matumaini, likawekwa upande wa kulia, yaani mashariki, kama ramani zote zinavyotaka. Mjumbe mmoja aliomba daraja jipya lionekane. Ni kweli halijaanza kujengwa, lakini sarafu hudumu, na daraja litaikuta mbele. Ili kulipatia nafasi tuliondoa kijumba kimoja kisicho na umuhimu wa kihistoria.

Nimekuambatishia kijitabu cha uzinduzi. Picha ya sarafu imekuzwa kufikia ukubwa wa sahani ili kila mtu aone. Maelezo ya ukurasa wa pili nimeyaandika mimi, hasa yale ya saa ya mnara. Chini ya ukuta wa mji utaona herufi mbili ndogo sana. Ndizo za kwanza za majina yangu, kama ilivyo desturi ya wachoraji wa sarafu.

Nimekuhifadhia kiti siku ya uzinduzi, safu ya tisa. Baba angekuwepo angejivuna.

Mpwa wako


2 Juni

Mpwa wangu msanii,

Marahaba. Meno manne ni mwanzo mzuri. Mafua pole. Dawa ya goti endelea kuikumbuka, mama yako anaona nafuu kwa kule kukumbukwa tu.

Kijitabu kimefika. Nilikipeleka kwa fundi saa, maana ana lenzi yake ya jichoni na mchana wateja huwa hawapo. Akakilaza mezani, akainama. Halafu akasema, "Bibi wee, saa ya mnara imetembea!"

Nikamwambia, "Acha mzaha wako."

"Haki ya nani. Njoo uone."

Nikamwambia asome yeye, mimi nimekaa vizuri.

Unajua, au ulikuwa unajua kabla hujahamia kwenye viyoyozi, kwamba saa ya mnara wetu ilikufa miaka kumi na moja iliyopita, saa tatu na dakika kumi. Mji mzima unajua. Watoto wa hapa saa ya kwanza kujifunza kusoma ni saa tatu na dakika kumi. Wachumba hupeana miadi ya saa tatu na dakika kumi ili anayechelewa awe na kisingizio. Kwenye sarafu yako ni saa tisa kasoro dakika kumi.

Fundi akafungua ukurasa wa pili, akasoma kwa sauti ya mtangazaji: "Saa tisa kasoro dakika kumi ndiyo saa tukufu ambayo waasisi wa mji walifungua lango la kwanza." Akaivua lenzi. "Miaka mia tatu iliyopita," akaniuliza, "huyo mwasisi saa alikuwa ameifunga mkono gani?" Alicheka hadi skrubu mbili zikamdondoka, na moja hatujaipata mpaka leo.

Hayo ya saa tuyaache. Mnara wenyewe ambao sote tumekua tukiuona kushoto, upande wa machweo, wewe umeuweka kulia. Bomba la kiwanda cha sabuni limehamia kushoto. Na jua la wizara mmelichomozesha nyuma ya mnara wa saa, mahali hasa linapozamia kila siku ya Mungu. Ni matumaini makubwa kweli, jua kuchomoza jioni.

Nina maswali mawili ya kishamba. La kwanza: ulipokuwa unachora, ulisimama wapi? Usiniambie ng'ambo ya pili ya mji, maana upande huo mnara hauna uso wa saa, ni ukuta mtupu na viota. Mimi nimejaribu kila paa. Kuuona mji wetu ulivyouona wewe, lazima mtu aupe mgongo na kuutazama kwenye kioo cha kunyolea ndevu.

La pili: nilimwomba fundi ahesabu madirisha. Alihesabu mara tatu. Mia mbili na sita. Mara zote tatu.

Mia mbili na sita, mwanangu. Yako wapi sita?

Shangazi, safu ya tisa


9 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Naandika haraka.

Barua arobaini na moja za wakazi wa mji zimemfikia mkurugenzi, zote kuhusu mnara na saa. Moja imeandikwa na darasa zima la watoto. Aliniita akaniuliza kama ule ugeuzaji ni mtindo wa kisasa. Nikasema ndiyo. Akaniuliza unaitwaje. Nikasema ni mpya mno, bado haujapewa jina.

Fundi wa kiwanda cha sarafu anasema kuigeuza picha ikae sawa ni kazi ya dakika mbili. Asichokielewa, anasema, ni mchoraji asiyejua kushoto kwake. Kwa hiyo mkurugenzi ameagiza rasimu zote za awali ziwe mezani, penseli na vifutio vyote, mchoraji asimame aeleze alivyochora hatua kwa hatua. Kamati inakaa Ijumaa tarehe 20, saa nne asubuhi. Ikitoka hapo, chapa ya chuma inakatwa upya na kuingia motoni kukazwa, na ikishakazwa hakuna cha kurekebisha. Ndiyo itakayopiga vipande elfu hamsini.

Shangazi, naomba ushauri wa kitaalamu. Kuna mwenzangu mmoja hapa ofisini, sitamtaja, ambaye huenda alitumia karatasi fulani bila kujua undani wake. Karatasi ya mchoro inawezaje kuwa kinyume tangu mwanzo? Na wewe kama bado unavyo vile vijitabu vyako vya paani, vya majaribio, je, unaweza kuvituma kwangu? Havina haja ya maelezo. Au kama inawezekana, chora michache upya, hata ya haraka haraka, ya siku mbili tatu.

Mwenzangu ana mtoto mdogo. Tusaidiane, Shangazi. Damu ni nzito kuliko maji.

Mpwa wako


14 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Safari hii salamu za nyumbani umeziruka, kwa hiyo nakuletea mimi. Mama yako alinisikia nacheka nilipokuwa nasomewa barua yako, akauliza kuna nini. Nikasema mpwa wangu amejifunza mtindo usio na jina. Akasema, "Mwanangu ana akili huyo." Sikumwambia zaidi. Itabaki hivyo au itabadilika, utaamua mwenyewe ukifika mwisho wa barua hii.

Ushauri wa kitaalamu wa mwenzako, ambaye mimi pia sitamtaja, ingawa koti lake nalijua. Mchonga mihuri huchora kinyume. Kulia kunakuwa kushoto, herufi zinatazama nyuma, saa inarudi nyuma. Kisha anaihamishia ile karatasi kwenye shaba vilevile ilivyo kinyume, anachonga, na muhuri ukigongwa ndipo picha inakaa sawa. Mimi sijachora kitu kikakaa sawa kwenye karatasi tangu nina miaka kumi na tisa. Haya yote nilimweleza mwenzako Jumapili ile, tumesimama pale mezani, kwa dakika nne. Angeinua macho kwenye simu hata kwa dakika moja, leo angekuwa mwizi salama.

Kuchora upya siwezi. Uliniuliza macho, nikakujibu karatasi ni yangu. Basi jibu ndilo hili: jicho la kulia halioni tena ila mwanga na kivuli, na la kushoto daktari amenipa mwaka, pengine na nusu. Ndiyo maana fundi saa ndiye aliyehesabu madirisha, na ndiyo maana yeye ndiye anayenisomea barua zako. Amekuwa msomaji hodari. Anakuigiza vizuri hasa kwenye neno "wadau". Hii naiandika mwenyewe, na kama mistari inapanda mlima, wewe ifuate tu.

Ule mchoro ulikuwa wa mwisho. Sisemi hivyo unihurumie. Nasema ujue ulichobana kifuani.

Sasa sikia ambalo panya hakulijua. Siku nne kabla hujaja nilikuwa nimeshauhamishia mji wote kwenye kipande cha shaba, kila mstari, upana wa milimita thelathini na nane. Shaba ilikuwa kwenye droo, chini ya mkate. Niliimaliza kuichonga tarehe 30 Aprili kwa hilo jicho lililobaki. Ndani ya bahasha hii utakuta kipande cha lakiri nyekundu, nta ya mihuri, nilichokigonga kwa shaba hiyo na kukifunga kwenye pamba. Kigeuze kwenye mwanga. Mnara kushoto. Bomba kulia. Saa tatu na dakika kumi. Madirisha mia mbili na kumi na mawili, na kati ya ghala na ukuta, nyumba ya baba yako na sita yake. Chini ya ukuta, pale ulipoweka herufi zako mbili, kuna alama ya tindo, urefu nusu milimita. Ni yangu. Nimeiweka kwenye kila muhuri niliowahi kuchonga, na ofisi yenu ina mihuri minane ya mkono wangu. Mwambie mkurugenzi atazame ule anaogongea barua zake za kufukuza watu kazi.

Nilikuwa na hasira ya mchoro. Ile ilikuwa hasira ya kawaida, ningeila na chai ikaisha. Lakini uliandika kwa mkono wako, "kijumba kimoja kisicho na umuhimu wa kihistoria." Ulizaliwa chumba cha kushoto cha kijumba hicho. Baba yako alifia cha kulia. Umeivunja nyumba ile mara mbili, mwanangu. Mara ya kwanza kwa tingatinga, na nilinyamaza kwa sababu hati ilikuwa na jina lako. Mara ya pili kwa kifutio, kwenye karatasi yenye mkono wangu, ili kupisha daraja ambalo hata kokoto yake haijanunuliwa. Hiyo ya pili sinyamazi.

Damu nzito kuliko maji, unasema. Ni kweli. Ndiyo maana haifutiki kirahisi.

Vijitabu vya paani ninavyo. Ni kumi na moja, kila ukurasa una tarehe. Nimevifunga pamoja na shaba kwenye kifurushi kimoja, kamba mara mbili, na sehemu ya anwani nimeiacha wazi. Basi la vifurushi linaondoka hapa Alhamisi tarehe 19 saa kumi na moja jioni na kufika kwenu Ijumaa saa moja asubuhi. Kutoka stendi hadi ofisini kwako ni dakika ishirini na tano kwa miguu, nimeshamuuliza dereva. Muda unatosha. Kifurushi kitaondoka na basi hilo kwa vyovyote vile. Ukisema ndiyo, anwani ni wewe, unakibeba mwenyewe mpaka mezani, unasema kwa mdomo wako, na mtoto wa mwenzako anaendelea kula. Ukisema hapana, au ukinyamaza, au ukileta habari za wadau, anwani ni mkurugenzi.

Uzinduzi sitakuja. Safu ya tisa mpe panya.

Kwa mara ya kwanza nakuruhusu simu. Piga kwa fundi saa, ndiye atakayekuwa shahidi. Barua ya kurasa nne sitasomewa. Swali ni hili: Ijumaa saa nne, mbele ya kamati, utasema kwamba mji huo ameuchora shangazi yako, na kwamba nyumba ya baba yako irudi mahali pake, madirisha yote sita? Ndiyo au hapana, kabla ya saa kumi jioni ya Alhamisi. Na ni saa kumi ya ukutani kwa fundi, si ya kwenye sarafu yako.

Shangazi yako